JINSI YA KUPIGA PICHA YA NYOKA MWENYE SUMU

Kila mtu apigapo kelele "Nyoka!" katika shule yetu, mambo huwa ni yale yale. Wengine hukimbia, wengine hushika fimbo na mawe, na baada ya dakika chache nyoka amelala amepondwa kichwa. Kisha mabishano huanza. Mmoja asema alikuwa swila, wa pili asema koboko, wa tatu aapa kwamba alikuwa nyoka wa kawaida alaye panya, asiye na sumu hata kidogo. Hapana awezaye kuthibitisha neno lake, kwa kuwa kichwa, ambacho ndicho kingetupa jibu, kimekwisha haribika.

Picha nzuri humaliza mabishano hayo. Katika makala haya nataka kueleza namna ya kuipata picha hiyo porini bila ya mtu kuumwa na bila ya nyoka kuuawa. Nitaeleza kwanza faida zake, halafu tabia za nyoka, halafu hesabu ya lenzi, na mwisho kanuni za kufuata. Lakini naomba msomaji ashike neno moja tangu sasa: picha ya karibu si lazima ipigwe na mtu aliye karibu. Mimi nilijifunza neno hili kwa njia mbaya, kama nitakavyosimulia.

Faida za picha

Faida ya kwanza ni elimu. Huko Watamu, katika pwani ya Kenya, kuna kituo cha nyoka kiitwacho Bio-Ken, ambacho James Ashe na mkewe walikianzisha mwaka 1980. Katika sehemu hizo yupo nyoka mkubwa wa rangi ya kahawia, atemaye sumu. Kwa miaka mingi watu walimhesabu kuwa ni swila yule yule wa siku zote, ila rangi yake tu imebadilika. Bwana Ashe alidhani sivyo. Mwaka 2007, baada ya uchunguzi, wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walitangaza kwamba ni aina ya peke yake, wakampa nyoka huyo jina la Ashe, ambaye alikuwa amekwisha fariki mwaka 2004. Mmoja wa nyoka hao aliyepimwa Watamu alikuwa na urefu wa meta 2.7. Basi nyoka mkubwa namna hiyo alikuwa akipita mbele ya macho ya watu, nao hawakumjua! Nani ajuaye ni wangapi tunaowaponda vichwa bila kuwajua?

Faida ya pili ni afya. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kiasi cha milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini, watu kama wazazi wetu na ndugu zetu. Mwaka 2017 Shirika hilo liliyaingiza maradhi ya sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Mkulima aliyeonyeshwa picha za nyoka wa wilaya yake hujua yupi wa kumwepuka na yupi wa kumwacha apite, kwa maana walaji wa panya ni rafiki wa ghala.

Tabia za nyoka watatu

Kabla ya kushika kamera yatupasa tujue tabia ya yule tumwendeaye. Nitataja watatu tu.

Kifutu ni mnene, aghalabu ana urefu wa meta moja hivi, naye ana alama zinazofanana na majani makavu. Hakimbii. Tegemeo lake ni kutulia kimya mpaka apitwe. Hata harufu yake ni haba mno: mwaka 2015 watafiti wa Afrika ya Kusini walionyesha kwamba mbwa waliofundishwa kunusa walishindwa kumtambua kifutu kwa harufu ya mwili wake. Ndiyo sababu watu humkanyaga. Akisogelewa sana huvuta pumzi, huvimba, kisha hutoa mvumo kama wa pampu ya baisikeli. Mvumo huo ni ilani. Asiposikilizwa, hurusha kichwa chake chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na huweza kufika karibu nusu ya urefu wa mwili wake. Mkono wa binadamu hauwezi kurudi nyuma kwa wepesi huo.

Swila huinua kichwa na kutanua shingo, kisha hutema sumu akilenga macho. Sumu hiyo hufika meta 2 hata 3. Kwa hiyo mtu aliye mbali na meno yake bado aweza kudhurika.

Koboko ni mrefu, huweza kupita meta 3, mwenye rangi ya kijivu au kahawia, na ndani ya kinywa chake ni mweusi. Hapendi kupigana na mtu, hupenda kutoroka. Lakini akizibiwa njia huuma, tena mara kadhaa, na sumu yake hulegeza misuli ya kupumulia. Mwanafunzi asimfuate koboko na kamera hata kidogo. Na aachwe aende zake.

Kisa changu

Chama chetu cha viumbe kina kamera moja na lenzi mbili: fupi ya milimita 50 na ndefu ya milimita 300. Ile ndefu ni nzito, nasi kwa uvivu tulikuwa tukiiacha kabatini.

Jumamosi moja muhula uliopita, saa mbili asubuhi, wenzetu waliokuwa wakifyeka nyasi kando ya shamba la mahindi walimkuta kifutu amejikunja juani. Mimi nilikimbilia kamera, nikaja na lenzi fupi. Wenzangu walinihimiza: "Msogelee, kaka! Huyu amelala, hatakufanya neno." Nikapiga magoti. Ndani ya kioo cha kamera alionekana yu mbali. Akaanza kuvuma. Badala ya kurudi, nilisogea kidogo zaidi ili kichwa kijae vizuri katika picha.

Nilisikia kitu kimegonga lenzi kama kokoto. Nikaanguka chali. Nilipoitazama kamera, ukingoni mwa lenzi palikuwa na tone la majimaji ya manjano, na vidole vyangu vilikuwa sentimita chache tu nyuma ya tone lile. Wenzangu, kwa hofu na hasira, walimpiga yule nyoka mawe hata akafa. Na picha? Picha ilikuwa ukungu wa kahawia, wala haikuonyesha kichwa wala mkia.

Mwalimu wetu wa biolojia alipofika hakunifokea. Alivaa glavu, akaifuta lenzi, kisha akaniuliza, "Ulikuwa umbali gani?"

"Kama nusu meta, Mwalimu."

"Hebu mpimeni."

Tukampima. Alikuwa na sentimita 96.

"Nusu yake ni ngapi?"

"48, Mwalimu."

Akanyamaza, nami nikanyamaza. Kisha akasema, "Nyoka huyu alikuonya, nawe hukusikia. Sasa yeye amekufa, na picha hatuna. Jumatatu njoo na daftari lako la hesabu."

Hesabu ya lenzi

Siku ya Jumatatu Mwalimu alitufundisha kanuni hii. Ndani ya kamera kama yetu kuna sehemu inayopokea picha, ambayo imeshika mahali pa filamu ya zamani. Upana wake ni milimita 36. Lenzi nayo ina urefu wa fokasi, ambao huandikwa ubavuni mwake. Tukitaka kujua tusimame wapi, tunachukua upana wa mahali tunapotaka pajaze picha, tunazidisha kwa urefu wa fokasi, kisha tunagawanya kwa 36. Jibu ndilo umbali wetu. Vipimo vyote viwe katika milimita. Hesabu hii ni ya makadirio, lakini kwa kazi yetu yatosha.

Tuseme kifutu aliyejikunja, pamoja na majani kidogo ya kando yake, ameshika upana wa sentimita 36, yaani milimita 360. Basi:

Kwa lenzi ya milimita 50, yatupasa tusimame sentimita 50 kutoka kwake.
Kwa lenzi ya milimita 100, meta 1.
Kwa lenzi ya milimita 300, meta 3.
Kwa lenzi ya milimita 400, meta 4.

Angalieni sana: nyoka atakuwa na ukubwa ule ule katika picha zote nne. Kinachobadilika ni mahali ulipo mwili wa mpiga picha. Katika picha ya kwanza yumo ndani ya mapigo ya kifutu, na katika picha ya tatu yu salama. Mimi nilikuwa nimehatarisha mkono wangu kwa sababu ya uvivu wa kubeba lenzi nzito.

Hatari ya simu ni kubwa zaidi. Lenzi kuu ya simu nyingi huona upana sawa na lenzi ya milimita 26 katika kamera kama yetu. Piga hesabu: ili kifutu yule ajaze picha, mwenye simu hana budi kusogea mpaka sentimita 26! Tena lenzi fupi hudanganya jicho, kwa kuwa hufanya vitu vionekane mbali kuliko vilivyo. Mtu adhani yu mbali, kumbe amekwisha fika. Basi asiye na lenzi ndefu apige picha kutoka mbali, aridhike na nyoka mdogo katika picha kubwa, kisha akate sehemu aitakayo baadaye. Kamera yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo yaruhusu jambo hili. Kwa lenzi ya milimita 300 twaweza kusimama meta 6, tukaitumia nusu tu ya upana wa picha, nazo nukta 3,000 zilizobaki zatosha kuchapisha picha safi yenye upana wa sentimita 25. Ukurasa wa gazeti letu hauhitaji zaidi ya hapo.

Kanuni za porini

Haya ndiyo mambo ambayo chama chetu sasa huyafuata.

1. Usiende peke yako. Mmoja apige picha, na wa pili asimame nyuma yake akimtazama nyoka kwa macho matupu. Atazamaye ndani ya kamera haoni kinachotokea pembeni. Wa pili akisema "Rudi," wa kwanza arudi bila kuuliza.

2. Vaa viatu virefu vya ngozi na suruali ndefu. Penye swila vaa miwani inayofunika macho pande zote, na usipungue meta 4.

3. Tazama kwanza mahali unapoweka goti na mkono. Nyoka unayemwona si lazima awe peke yake.

4. Usimshike nyoka, usimchokoe kwa fimbo, usimhamishe ili apate mwanga mzuri, wala usiinue jiwe kwa mkono kumtafuta. Jihamishe wewe.

5. Mwache nyoka na njia ya kutokea. Usisimame kati yake na shimo lake au kichaka chake.

6. Tembea pole pole. Nyoka hana masikio ya nje, lakini huhisi mtikisiko wa ardhi kwa mwili wake. Mwenye vishindo hukuta nyoka amekwisha kwenda au amekwisha kasirika.

7. Macho ya nyoka yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa na buluu, jua kwamba yu karibu kujivua gamba. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba jembamba linaloangaza, na wakati wa kujivua gamba hilo huwa na ukungu. Haoni vizuri, na aweza kuuma kwa wepesi kuliko siku nyingine. Mwache.

Juu ya picha yenyewe, lengo liwe jicho. Jicho likiwa wazi, picha huwa hai hata mkia ukiwa na ukungu. Punguza tundu la lenzi mpaka namba 8 au 11 ili kichwa chote kionekane vizuri, na mwanga upite kwa sehemu ya 250 ya sekunde au chini ya hapo ili mkono usitikise picha. Saa za asubuhi ni bora, jua likiwa nyuma yako kidogo upande. Ukitaka picha ya usawa wa macho yake, weka kamera chini juu ya stendi fupi, uitazame kwa juu. Usilale kifudifudi mbele ya nyoka, maana aliyelala hawezi kurudi nyuma upesi.

Mazoea si ngao

Labda msomaji atasema kwamba hatari hizi ni za wanafunzi tu, na kwamba bingwa aweza kusogea. Natoa mfano wa Bibi Grace Wiley wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1883. Alikuwa mtunzaji wa nyoka mwenye sifa kubwa, naye aliamini kwamba hata nyoka mwenye sumu huweza kuzoea mkono wa mtu. Kwa miaka mingi aliwashika bila glavu. Tarehe 20 Julai, 1948, nyumbani kwake California, mwandishi alimwendea ili apige picha zake pamoja na nyoka wake. Katika kupiga picha hizo fira wa Bara Hindi alimwuma. Alipelekwa hospitali, lakini dawa iliyokuwako ilikuwa ya sumu ya nyoka wa Amerika tu. Alifariki siku ile ile.

Bibi huyu alijua habari za nyoka kuliko sisi sote. Ujuzi wake haukupunguza sumu hata tone moja. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Mtu akiumwa

Pamoja na kanuni zote, ajali haina kinga. Mtu akiumwa, atulie, asikimbie. Vueni pete, saa na viatu kabla mwili haujavimba. Kifungeni kiungo kilichoumwa kwa mti ulionyooka kama kilichovunjika, ili kisitikisike, lakini msikikaze kwa kamba ya kuzuia damu. Msichanje, msinyonye, msiweke jiwe jeusi, wala msipoteze saa moja kwa dawa za kubahatisha. Mpelekeni hospitali mara moja. Kama picha ya nyoka imekwisha pigwa, daktari aonyeshwe. Kama haikupigwa, msirudi kumtafuta nyoka. Swila akitema machoni, oshezeni kwa maji mengi safi muda wa robo saa au zaidi, na mtu asijifikiche.

Kutunza siri

Jambo moja jingine wengi hawalifikiri. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza aina mpya ya nyoka mwenye pembe kutoka misitu ya milima ya kusini ya Tanzania, wa rangi nyeusi na manjano, mzuri ajabu. Walichapisha picha zake, lakini jina la mahali walilificha, kwa kuwa waliogopa wafanya biashara wa wanyama wasije wakammaliza. Nasi tufanye vivyo hivyo. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kabla ya kumpa mtu picha ya nyoka adimu, futa maandishi hayo.

Mwisho

Katika juma la mwisho la muhula kifutu mwingine alionekana karibu na kisima cha zamani. Safari hii hapana aliyeokota jiwe, kwa sababu tulikuwa tumewaomba wenzetu watuachie nusu saa. Tulisimama meta 4 kutoka kwake na lenzi ndefu. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, mkono wake begani pangu. Nilipiga picha kumi na mbili. Kifutu hakuvuma, hakuvimba, wala hakubadili mkao wake. Tuliporudi jioni pamoja na Mwalimu alikuwa amekwisha kwenda.

Picha moja imebandikwa katika ubao wa maktaba, na kila mtu aweza kuhesabu magamba ya kichwa chake. Tangu ibandikwe, wanafunzi wawili wa Kidato cha Kwanza wamekuja kuniambia kwamba huko kwao nyoka huyu huitwa moma, na kwamba sasa watamtambua njiani kabla hawajamkanyaga. Kwangu mimi hiyo ni faida kubwa kuliko picha yenyewe.

Basi mkitaka kujua kama picha ya nyoka imepigwa vizuri, msitazame ukubwa wa meno yake tu. Ulizeni kwanza: je, nyoka yule alikasirika? Kama alikasirika, mpiga picha alikosea hesabu.

ZOEZI

(1) Una lenzi ya milimita 200. Kifutu aliyejikunja ameshika upana wa sentimita 45. Usimame umbali gani ili ajaze picha?
(2) Umemwona swila mahali penye upana huo huo, nawe hutaki kupungua meta 4. Yakupasa uwe na lenzi ya milimita ngapi?

Majibu: (1) Meta 2.5. (2) Milimita 320.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne